Magari Madogo ya Vita Vikubwa

Leo ningependa kuwapasha habari ya kazi moja ya mikono ambayo wengi wenu hamjapata kuiona. Ni kazi ya kutengeneza mifano midogo ya magari ya vita, hasa yale magari ambayo Wamarekani walikuja nayo Ulaya katika vita vya 40–45, kama wazee wetu walivyozoea kuviita: jeep, kamio na vifaru. Mifano hiyo haitembei. Haina mafuta wala motere inayowaka. Jeep nzima yaenea katika kiganja cha mkono. Walakini kila kitu kilichokuwa katika gari la kweli kimo humo: usukani, taa, beleshi, shoka, hata vichwa vya misumari.

Utasema: "Mtu mzima, mwenye mke na watoto, anakesha akikwaruza vipande vya plastiki kwa kisu! Faida yake nini?" Mwingine atasema neno zito zaidi: "Nchi yetu imeona vita vya kutosha. Kwa nini mtu wa Kongo afanye magari ya vita kuwa pambo la meza?" Maneno hayo mawili si ya kupuuza. Nitayajibu yote mawili. Lakini kwanza niwaonyeshe kazi yenyewe, maana si haki kuhukumu kazi ya fundi kabla ya kuitazama.

Shule ya waya

Nilizaliwa Kindu, katika Maniema. Kwetu kila mtoto wa kiume hupita shule mbili: shule ya misioni na shule ya waya. Katika hiyo ya pili hakuna mwalimu wala karo. Unaokota waya wa ua uliobomoka, unaunyosha kwa jiwe, unaukunja mpaka uwe motokari. Magurudumu unayakata katika sandali iliyochakaa. Unafunga fimbo ndefu yenye usukani juu yake, kisha unakimbia nayo njiani ukinguruma kwa kinywa.

Wenzako ndio wakaguzi, nao hawana huruma. "Kamio ya Padri ina magurudumu mawili nyuma kila upande. Yako ina moja. Wewe umetengeneza kamio ya nani?" Basi ilikulazimu kwenda tena misioni, kukaa kando ya kamio ile, kuhesabu, na kulala chini yake ili uone chuma kinachopita katikati. Hivyo tulijifunza kutazama. Mwenye kutazama juu juu hutengeneza kitu cha juu juu.

Baadaye kazi ilinileta Ubelgiji, nami nikapata nyumba karibu na mji wa Bastogne, katika vilima vya Ardenne. Huko nilimtengenezea mwanangu motokari ya waya, kama zile za utoto wangu. Siku moja, baada ya Misa, mzee mmoja wa parokia aliiona mkononi mwa mtoto. Wengine walikuwa wameisifu. Yeye hakusifu. Aliipindua akaitazama chini, muda mrefu, kisha akauliza, "Nani aliyetengeneza hii?"

"Ni mimi, Mzee."

"Mwanangu, mtu anayetengeneza hata upande usioonekana, namtafuta siku nyingi. Njoo nyumbani kwangu."

Nikaenda. Mzee huyu alikuwa seremala maisha yake yote. Mwaka 1944 alikuwa mtoto wa miaka sita katika kijiji kimoja cha huku huku. Katika chumba cha nyuma cha nyumba yake nilikuta rafu ukutani, na juu yake jeshi zima limepangwa, lakini jeshi lisilozidi urefu wa kidole. Magari yote yalikuwa ya majira yale ya baridi aliyoyaona kwa macho yake. Hata moja halikununuliwa likiwa tayari. Tangu siku ile ninakwenda kwake kila Jumamosi. Mikono yake sasa inatetemeka. Yeye anapima, mimi nakata.

Kipimo na subira

Jambo la kwanza katika kazi hii ni kipimo. Mafundi wengi wa magari ya vita hufuata kipimo cha moja kwa thelathini na tano. Maana yake, sentimeta 35 za gari la kweli zinakuwa sentimeta moja ya mfano. Kipimo hicho kilienezwa na kiwanda cha Tamiya cha mji wa Shizuoka, Japani, ambacho kilianza na mbao kabla ya kuingia katika plastiki. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walitengeneza mfano wa kifaru chenye mota ndogo ya umeme, wakaupa ukubwa wa kutosha ili mawe ya umeme yaenee ndani. Basi kipimo kilichotoka kwa mawe ya umeme kimekuwa sheria ya mafundi wa dunia nzima.

Sasa tuipime jeep. Jeep ya kweli ina urefu wa mita 3 na sentimeta 33. Gawanya kwa 35, unapata sentimeta 9 na nusu. Upana wake ni mita 1 na sentimeta 58. Kwenye meza ni sentimeta 4 na nusu. Gurudumu ni kama sentimeta 2. Mtu wa kimo cha kawaida anakuwa na sentimeta 5. Ukikosea milimeta moja, umekosea sentimeta tatu na nusu za gari la kweli, na jicho litakushitaki hata kama huna rula.

Viko visanduku vinavyouzwa, vyenye vipande vyote tayari, nawe unaunganisha kwa gundi tu. Sivilaumu, vimewafundisha wengi. Lakini Mzee hufanya kwa njia ya zamani. Mwili wa gari tunaukata katika bamba jembamba la plastiki nyeupe. Chuma cha chini tunakitengeneza kwa shaba ya manjano, tukikilehemu kwa bati. Turubai ni karatasi laini iliyolowekwa katika gundi na maji. Ikikauka inabaki na mikunjo yake. Kamba ni uzi uliosokotwa upya. Theluji ni ile magadi nyeupe ya kuokea mikate. Vyombo vyetu ni kisu kikali, tupa ndogo, msasa, kibano na miwani ya kukuzia. Jeep moja hutuchukua miezi mitatu. Kamio yaweza kutuchukua mwaka.

Katika kazi hiyo ya polepole unaanza kuyajua mambo ambayo mpita njia hayajui. Unajua kwamba jeep haina milango, kwa sababu askari alipaswa kuruka nje upesi. Unajua kwamba tangi la mafuta liko chini ya kiti cha dereva, ndiyo kusema dereva alikalia moto. Unajua kwamba kioo cha mbele hulala juu ya kifuniko cha motere. Na mbele ya jeep nyingi za vita utaona chuma kirefu kimesimama wima, kimepinda kidogo juu. Mgeni hudhani ni pambo. Sivyo. Adui alikuwa akifunga waya njiani kutoka mti hadi mti, usawa wa shingo za watu walioketi ndani ya jeep iliyolazwa kioo. Kile chuma kilikuwa cha kukata waya ule kabla haujafika shingoni. Katika mfano wetu ni kijiti cha shaba chembamba kama mwiba. Nilipokilehemu mara ya kwanza, Mzee alinieleza kazi yake. Tangu hapo sikuweza tena kuiona jeep kama gari la fahari tu.

Magari na watu wake

Jeep ilizaliwa kwa haraka. Mwaka 1940 jeshi la Marekani lilitaka gari dogo, jepesi, lenye nguvu katika magurudumu yote manne. Kampuni ndogo ya American Bantam, ya mji wa Butler katika Pennsylvania, ilipewa siku 49 tu kutengeneza gari la kwanza, nayo ikalifikisha kwa wakati tarehe 23 Septemba 1940. Mwenye kuchora ramani yake, Karl Probst, aliimaliza kwa siku chache mno. Lakini Bantam haikuwa na nguvu ya kutengeneza magari mengi, hivyo kazi ikapewa Willys-Overland na Ford. Hao wawili walitoa zaidi ya jeep 600,000 mpaka vita vilipokwisha mwaka 1945. Ford walikuwa na desturi ya kupiga herufi F hata juu ya misumari yao. Mzee anajua habari hiyo. Herufi hiyo katika kipimo chetu haionekani hata kwa miwani, walakini hapendi kusema "jeep" tu. Husema, "Hii ni ya Ford," au, "Hii ni ya Willys."

Jeep ilibeba majeruhi, ilibeba barua, ilibeba mizinga midogo. Tena ilibeba altare. Mapadri wa jeshi walipokosa kanisa walitandika kitambaa cheupe juu ya kifuniko cha motere, kwa kuwa kifuniko hicho ni bapa kama meza, wakasoma Misa hapo. Picha inayojulikana kuliko nyingine ni ile ya Padri Emil Kapaun, mzaliwa wa Kansas, akisoma Misa juu ya jeep huko Korea tarehe 7 Oktoba 1950. Mwezi uliofuata alitekwa, kwa sababu alikataa kuwaacha majeruhi, akafa katika kambi ya wafungwa tarehe 23 Mei 1951. Mifupa yake ilitambuliwa mwaka 2021, miaka sabini baadaye. Mzee ametengeneza jeep ya namna hiyo, na kitambaa chake hakizidi ukubwa wa tiketi. Hapo utaona kwamba chombo hakichagui kazi yake. Binadamu ndiye anayechagua.

Kamio ya vita iliyosifiwa kupita zote ni GMC ya tani mbili na nusu, yenye ekseli tatu na mipira kumi. Zilitengenezwa zaidi ya 500,000. Wenye vifaru walipata sifa magazetini, lakini kifaru kisicho na mafuta ni jiwe. Baada ya Wamarekani kutoka Normandie mwaka 1944, majeshi yalikimbia mbele kuliko vyakula na mafuta yao. Ndipo ilipoanzishwa safari ya kamio iliyoitwa Red Ball Express, tangu tarehe 25 Agosti mpaka tarehe 16 Novemba 1944. Katika siku zake za nguvu kamio karibu 6,000 zilikuwa njiani, zikipeleka zaidi ya tani 12,000 kwa siku moja.

Na madereva wao walikuwa akina nani? Karibu watatu kati ya kila wanne walikuwa watu weusi wa Marekani. Jeshi lao wenyewe lilikuwa likiwatenga na weupe katika vikosi, katika kulala na katika kula. Utengano huo uliamriwa kukomeshwa na Rais Truman mwaka 1948, vita vilipokuwa vimekwisha. Waliendesha usiku na mchana, kwa zamu, mmoja analala huku mwenzake ameshika usukani. Katika vitabu vingi vyenye picha za magari ya vita, kamio inaonyeshwa kwa usafi sana, lakini kiti cha dereva ni kitupu.

Juu ya kifaru Sherman sitasema mengi. Zilitengenezwa karibu 49,000, kila kimoja na watu watano ndani. Kimoja kiko katika uwanja wa mji wa Bastogne hata leo. Kilipigwa mwisho wa Desemba 1944 katika vita vya Ardenne, na matundu yaliyotobolewa katika chuma chake hayakuzibwa. Watalii husimama mbele wakapigwa picha. Mzee aliponipeleka, alinizungusha mpaka penye tundu, akaniambia, "Weka kidole hapa." Nikaweka. Chuma kizito vile kimepasuka kama ganda la yai. Siku ile nilifahamu kwa nini vifaru vyake vyote juu ya rafu vina makovu.

Bati ya Kalima

Sasa niseme neno linalotuhusu sisi watu wa Kongo. Wengine hudhani vita vya 40–45 vilikuwa vya Wazungu, na kwamba sisi tulivisikia kwa redio tu. Sivyo. Wazee wetu wa Force Publique walipigana Abisinia mwaka 1941, na kikosi chetu cha waganga kilifika mpaka Burma. Tena wako waliopigana bila bunduki.

Mwanzoni mwa mwaka 1942 Wajapani waliteka Malaya, na baadaye visiwa vya Waholanzi. Huko ndiko Wamarekani na Waingereza walikokuwa wakipata sehemu kubwa ya mpira na bati. Basi macho yao yakageukia Kongo. Mwaka ule ule serikali ya Wabelgiji iliongeza siku za kazi ya lazima vijijini kutoka 60 mpaka 120 kwa mwaka. Watu walirudishwa misituni kugema mpira wa mwitu, jambo ambalo babu zao walilikumbuka kwa hofu. Katika Maniema yetu, migodi ya bati ilichimbwa kwa bidii, na babu yangu alikuwa mmoja wa waliobeba mchanga wa bati huko Kalima. Alituambia kwamba aliambiwa, "Hii ni ya vita," lakini hakuna aliyemwambia ni kitu gani kitakachotengenezwa nayo.

Mimi ninapolehemu chuma cha jeep, tone la bati huyeyuka, hung'aa kama fedha, kisha hufifia. Bati hiyo nimeinunua dukani, haitoki Kalima. Walakini kila mara namkumbuka babu. Gari la kweli lilikuwa na bati katika viungo vya waya zake, na mpira katika magurudumu yake. Nilimwambia Mzee habari hiyo. Alikaa kimya, kisha akasema, "Miaka themanini ninatengeneza na kufikiri magari haya, na sikujua kwamba babu yako alikuwamo ndani." Akaleta daftari lake, anamoandika majina ya viwanda vyote, akaniambia niandike: Kalima, Maniema. Nikaandika.

Swali la mdogo wangu

Mwezi wa Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu. Mdogo wangu wa kike anakaa huko. Yeye na watoto wake wanne walikuwa wameondoka kabla, juu ya kamio ya mizigo, kuelekea bonde la Ruzizi. Siku tatu simu yake haikupokea. Siku ya nne, usiku, akanipigia. Wote walikuwa hai. Tukamshukuru Mungu. Kisha akauliza, "Yaya, mbona hujalala?"

Nikamwambia kwamba usingizi ulinikataa, nami nilikuwa mezani na kamio yangu ya GMC.

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Kumbe. Sisi tunakimbia magari ya vita, na weye unayatengeneza."

Hakusema kwa hasira. Ndiyo sababu neno lilinichoma. Mtu akikukasirikia, unaweza kujitetea. Lakini mtu aliyechoka akisema jambo alionalo, utamjibu nini? Jumamosi ile nilikwenda kwa Mzee bila vyombo vyangu. Nikamweleza. Nikauliza kama yafaa kuendelea.

Akaniambia, "Dada yako amesema kweli. Nami pia nilikimbia." Ndipo akanisimulia habari ambayo hakuwa amenisimulia katika miaka yote ile. Desemba 1944, Wajerumani waliporudi, mama yake alifunga godoro mgongoni, akamshika yeye mkono, wakatoka kijijini katika theluji. Njiani kamio ya Wamarekani ilisimama. Dereva akashuka. Alikuwa mtu mweusi, wa kwanza kuonwa na mtoto yule. Alimwinua kwa makwapa akamweka ndani, kisha akamwinua mama, kisha godoro. Hawakuelewana hata neno moja. Aliwashusha penye kanisa la kijiji cha mbali, akaenda zake. Raia wapatao 3,000 walikufa katika vita vile vya Ardenne. Na si wote waliouawa na adui, maana mji wa Malmedy ulipigwa mabomu na ndege za Wamarekani wenyewe kwa makosa, tangu tarehe 23 mpaka 25 Desemba. Mzee na mama yake hawakuwamo katika hesabu hiyo.

Akasema, "Nimetengeneza kamio hii mara saba. Magurudumu nayakumbuka. Turubai naikumbuka, hata mahali ilipochanika. Uso wake siukumbuki. Kila mara naishia hapo, naweka masanduku ya risasi nyuma, kwa kuwa vitabu vinaonyesha masanduku ya risasi."

Nikamwambia, "Mzee, basi mara hii tusiweke masanduku."

Tukafanya kazi miezi minne. Nyuma ya kamio tuliweka mama mmoja na mtoto mmoja, kila mmoja chini ya sentimeta tano. Tukaweka godoro lililofungwa kamba. Tukaweka bidoni, ile bidoni ya lita 20 ambayo kila nyumba ya Kivu inaijua. Asili yake ni ya jeshi la Wajerumani, na Wamarekani waliiga wakatengeneza zao. Katika kipimo chetu ina urefu wa milimeta 13. Dereva amesimama chini, mikono juu, anampokea mtoto wa pili. Kwa kuwa Mzee haukumbuki uso wake, aliniomba nimpe uso wa mtu ninayemjua. Nikampa uso wa babu.

Kamio ilipokwisha nilimpelekea mdogo wangu picha kwa simu. Sikuandika neno. Baada ya saa moja alijibu: "Yaya, huyo mama amefunga godoro vibaya. Kona ya kwanza tu litaanguka. Kamba ipite chini mara mbili, halafu ukaze kwa mti. Mimi nilifanya hivyo."

Nilimsomea Mzee. Alicheka mpaka machozi. Kisha akachukua kibano, akaniambia, "Fungua kamba. Anajua kuliko sisi." Tukafungua, tukafunga tena kama alivyosema.

Neno kwa wazazi

Sasa naweza kujibu yale maneno mawili. Kwanza, faida yake nini? Faida ni kutazama. Dunia ya leo ina picha nyingi, zinapita mbele ya macho kama maji ya mto. Mwenye kutengeneza kitu kwa mikono yake kwa miezi mingi hawezi kupita tu. Kitu kinamlazimisha kuuliza: hiki kilikuwa cha kazi gani, nani aliketi hapa, nani aliumia?

Pili, je, yafaa kufanya magari ya vita kuwa pambo? Kama ni kwa kuyasifu tu, haifai. Gari safi, lenye bunduki mbele na kiti kitupu, linasema uongo. Linamfanya kijana adhani vita ni rangi nzuri na kelele ya motere. Hao wanaotafuta vijana wetu huko msituni hufurahi wakimkuta anayedhani hivyo. Lakini ukiweka watu ndani, ukaweka kovu penye kovu na godoro penye godoro, basi mfano ule mdogo unasema kweli kuliko hotuba ndefu.

Enyi wazazi, msiwapige watoto wenu kwa kuokota waya, wala msiwacheke. Na mtoto akitengeneza jeep ya askari, kama wengi wanavyofanya siku hizi huko Kivu kwa sababu ndiyo magari wanayoyaona, usimnyang'anye. Keti karibu naye, umwulize mambo matatu. Nani anaendesha? Amebeba nini? Na mpira wa gurudumu hili, na bati ya waya huu, nani aliyeutoa ardhini na msituni? Kama hana jibu, mpe nafasi akatafute, amwulize bibi yake na jirani aliyekimbia. Akirudi na jibu, mwache aendelee na kazi yake, nawe mtafutie waya mwingine.